Kotesheni Tatu Mezani: Kamera Gani kwa Kiwanda cha Mbao Elburgon?

Mwenye kiwanda cha mbao Elburgon akitangaza kwamba anataka kamera, karatasi tatu zitamfikia kabla ya wiki kuisha. Ya kwanza itatoka kwa fundi wa Nakuru: kamera 16 za analogi, DVR (rekoda) moja, bei nyepesi. Ya pili itatoka kwa kampuni yenye ofisi na mhandisi: kamera chache zaidi, zote za mtandao, bei mara tatu ya ile ya kwanza. Ya tatu ataletewa na kijana atakayemwonyesha kwenye simu video ya kamera inayojilisha kwa sola na kutuma picha kwa laini ya simu, bila waya hata mmoja. Nimeona karatasi za namna hii zikilazwa mezani mara nyingi, na karibu kila mara jicho la mwenye mali hukimbilia mstari wa chini kabisa, penye jumla. Namwomba msomaji tuanzie juu.

Elburgon imeishi kwa mbao tangu siku za reli ile iliyopita hapa ikitoka Nakuru na Njoro kuelekea Molo, hadi ikafika Kisumu mwaka 1901. Msitu wa Mau uko mlangoni, jina la kampuni ya mbao ya Timsales linajulikana na kila mtoto wa mji, na nyumba nyingi zenyewe ni za mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Siku hizo zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi zikawa miaka. Julai 2023 Rais William Ruto, akiwa Molo, alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, na mvutano ukahamia mahakamani. Katika kipindi hicho viwanda vingi vilinyamaza. Kiwanda kilichonyamaza bado kina mota, nyaya za shaba, misumeno na vyuma, na anayelinda vyote hivyo usiku ni soja mmoja mwenye tochi. Kiwanda kinachofanya kazi nacho kina hatari zake, tena kubwa zaidi, kwa sababu mali inatoka mchana kweupe, kwa geti, ikiwa juu ya lori lenye karatasi.

Hapo ndipo kotesheni inapopaswa kuanzia. Kabla ya kuuliza kamera ngapi, uliza unataka picha ijibu swali gani. Katika kiwanda cha mbao maswali ya maana ni machache. Lori lipi liliingia na magogo, saa ngapi, na karatasi zake za kusafirishia zinalingana na mzigo? Lori lililotoka na mbao za 6 kwa 2 lilipakiwa vipande vingapi, na kwenye kitabu vimeandikwa vingapi? Nani alifungua mlango wa stoo usiku? Moshi ulianzia wapi? Kila swali lina mahali pake pa kujibiwa, na mahali hapo mara nyingi ni pembamba: geti, mizani, mlango wa stoo, dirisha la mhasibu, mdomo wa tanuri la kukaushia. Uwanja mpana wa magogo haujibu swali lolote kati ya hayo, lakini ndio unaomeza nusu ya kamera katika kotesheni nyingi.

Hesabu yake ni rahisi, na fundi akikataa kuifanya mbele yako, mtafute mwingine. Kiwango cha kimataifa ambacho wapangaji wa kamera wamekitumia kwa miaka mingi kilisema hivi: ili kumtambua mtu usiyemjua, picha inahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kumkumbuka mtu unayemjua, 125. Kuona tu kwamba kuna mtu na anafanya nini kwa jumla, kama 62. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2,560 kwa upana. Ielekeze kwenye geti la mita 5, unapata 512 kwa mita, na uso utaonekana hadi kovu. Ielekeze kwenye uwanja wa mita 40, unapata 64: umbo la mtu aliyevaa koti, basi. Ukinunua ya megapikseli 8 kwa uwanja huohuo, pikseli zake 3,840 zinakupa 96 kwa mita, na bado hujafikia hata kumkumbuka kibarua uliyemwajiri mwenyewe. Kwa hiyo kamera ya uwanjani ipewe kazi ya kuonyesha kwamba kuna mwendo. Kazi ya kuonyesha ni nani ipewe ya getini na ya mlangoni.

Sasa tuweke pesa mezani. Tarakimu nitakazotumia nimezifanya za mviringo ili uwiano uonekane, na sijaongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16, kwa hiyo weka bei ulizopewa wewe mahali pa zangu. Tuchukue kiwanda cha ekari tano: kibanda cha misumeno, tanuri, uwanja wa magogo, uwanja wa mbao zilizopangwa, ofisi na geti.

Kotesheni ya analogi inakwenda hivi. Kamera 16 za megapikseli 2 kwa shilingi 3,000 kila moja ni 48,000. DVR 14,000. Diski moja ya terabaiti 4, 15,000. Waya wa koaksi mizinga minne, yaani roli nne, 28,000. Vifaa vya kulisha stima 6,000. Kazi ya fundi 24,000. Jumla 135,000. Ni pesa ambayo kiwanda kidogo kinaweza kuitoa bila kwenda benki, na si haki kuidharau. Waya wa koaksi hubeba picha mamia ya mita bila kituo cha kati, na kiwanda chenye nyaya nzuri za zamani ukutani kinaweza kuzitumia tena.

Lakini tazama ile diski. Kamera moja ya megapikseli 2 ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 16 hula karibu 346. Terabaiti 4 zinajaa kwa siku 11, kisha rekoda inaanza kufuta za zamani ili iandike mpya. Je, upungufu wa mbao hugunduliwa lini kiwandani? Hugunduliwa mwisho wa mwezi, siku ya kuhesabu stoku. Lori lililotoka tarehe 6 na vipande 20 vya ziada litatafutwa tarehe 30, na picha yake itakuwa imefutwa tangu tarehe 17. Mwenye mali alilipa 135,000 na alikuwa na kamera juu ya geti wakati wote huo. Kilichokosekana ni diski nyingine mbili, na hakuna aliyemwambia.

Kotesheni ya mtandao ina mistari mingi zaidi. Kamera 12 za megapikseli 4 kwa 11,000 ni 132,000. Kamera moja maalumu ya nambari za magari, 45,000. NVR, yaani rekoda ya kamera za mtandao, ya nafasi 16, 25,000. Diski mbili za terabaiti 8, 60,000. Swichi mbili za PoE, yaani zinazopeleka data na stima katika waya mmoja, 24,000. Waya wa Cat6 wa shaba halisi, mizinga mitatu, 54,000. Faiba na vigeuzi vyake kati ya geti na ofisi, 25,000. Betri, kigeuza stima na vikinga radi, 40,000. Kazi, 39,000. Jumla 444,000. Kwa kamera 13 za aina hiyo, kila moja ikitumia megabiti 3 kwa sekunde, mfumo hula gigabaiti 421 kwa siku, na terabaiti 16 zinakupa siku 38. Siku ya stoku inafika picha bado zipo.

Kotesheni ya sola na laini ya simu inaonekana kati ya hizo mbili: kamera 10 kwa 14,000, kadi za kumbukumbu 20,000, vyuma na kazi 20,000, jumla 180,000. Haina waya, haichimbi mtaro, na kijana atamaliza kazi kwa siku mbili. Tatizo liko katika kile ambacho hakikuandikwa. Kila kamera ina laini yake, na kila laini inataka bando. Ukihesabu shilingi 1,000 kwa kamera kwa mwezi, ni 120,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano umelipa 600,000 juu ya zile 180,000, na ile iliyoonekana ya bei ya kati imekuwa ya ghali kuliko zote. Zaidi ya hayo, kamera hizi hulala ili kuokoa betri na huamka zinapohisi mwendo, hivyo sekunde za kwanza za tukio mara nyingi hazipo. Na Elburgon iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti jua linaweza kujificha siku kadhaa mfululizo, na paneli yenye ukubwa wa kitabu haishibi. Mimi ningeinunua kwa kazi moja tu: kulinda magogo yaliyokatwa na kusubiri lori ndani ya msitu, mahali ambapo stima haijafika na kazi itaisha kwa wiki tatu.

Nimetaja hali ya hewa, na hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa Nairobi wanaouza kamera pale barabara ya Luthuli hawalali kwenye ukungu wetu.

Usiku mmoja wa Julai niliketi na soja katika kibanda cha geti cha kiwanda kimoja upande huu wa Mau. Skrini ilikuwa mbele yetu, jiko la makaa miguuni. Kamera ilikuwa nzuri, mpya, ya kampuni inayojulikana. Hadi saa tatu usiku picha ilikuwa safi. Ukungu ulipoanza kuteremka kutoka msituni, picha ilianza kuwa ya kijivu, kisha nyeupe kama mtu ametundika shuka mbele ya lenzi. Tulitoka nje. Kwa macho yetu tuliliona geti vizuri, hata kufuli. Kamera haikuona kitu, kwa sababu taa zake za infraredi zimepangwa kuzunguka lenzi, na kila tone la ukungu lililo karibu lilikuwa likiurudisha mwanga huo usoni mwake. Kulikuwa na tatizo jingine pia: buibui alikuwa amefuata joto na wadudu, akafuma utando kona hadi kona ya kioo, na kila uzi uling'aa kwenye skrini kama waya wa moto. Soja aliniambia amezoea. Alikuwa akitoka kila baada ya nusu saa na ufagio.

Dawa yake haikuhitaji kamera mpya. Zima infraredi ya kamera, weka taa ya LED mita tatu au nne pembeni, juu kidogo, ikimulika geti kutoka upande. Mwanga ukitoka pembeni, ukungu hauurudishi moja kwa moja kwenye lenzi. Taa ya wati 50 ikiwaka saa 12 inakula uniti 0.6. Ukipigia uniti shilingi 25, ni shilingi 15 kwa usiku. Katika kotesheni zote tatu hakuna taa hata moja iliyoandikwa, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine. Anayenunua kamera ananunua macho, na macho yanahitaji mwanga.

Adui wa pili, baada ya ukungu, ni vumbi la mbao. Ndani ya kibanda cha misumeno, kamera iliyo juu ya meza ya kupasulia hufunikwa na unga kabla ya saa ya chai, na mwanga wa infraredi hugonga vumbi linaloelea sawasawa na unavyogonga ukungu. Ifunge kwenye nguzo iliyo upande upepo unakotoka, mbali na msumeno, itazame kwa mshazari. Chagua kasha la kiwango cha IP66 au IP67, lisilopitisha vumbi wala maji, na andika katika ratiba kwamba kila Jumamosi mtu atapanda ngazi na kitambaa laini. Masanduku ya maungio ya nyaya na swichi yakae nje ya kibanda hicho, yamefungwa kabisa: unga wa mbao na cheche havipaswi kukutana. Na kamera isichukue nafasi ya kifaa cha kuhisi moshi. Mtu asiyetazama skrini saa nane usiku hataona moshi hata ukiwa na megapikseli 20.

Adui wa tatu ni radi, na stima inayopotea na kurudi kwa kishindo. Kamera yenye waya wa shaba wa mita 80 juu ya nguzo ni kama imemnyoshea radi mkono, na mshtuko ukiingia kwenye waya mmoja unaweza kufuata njia hadi swichi na NVR. Ndiyo maana ile shilingi 25,000 ya faiba si anasa. Faiba ni kioo, haipitishi stima, kwa hiyo geti likipigwa, ofisi inabaki. Tena waya wa Cat6 unaishia mita 100, na kutoka geti hadi ofisi katika kiwanda cha ekari tano mara nyingi ni zaidi ya hapo. Fundi anayesema atavuta 140 na itafanya kazi anakuuzia kamera itakayokatika-katika kila mvua ikinyesha. Kuhusu betri, hesabu tena: mfumo mzima wa mtandao niliouandika unakula kama wati 200. Kwa saa nne za giza unahitaji uniti 0.8. Ile UPS ndogo ya kompyuta ya mhasibu haifiki mbali. Betri mbili za volti 12 na saa-ampea 100 kila moja zinatosha bila kuzikamua hadi mwisho. Bili ya mwezi kwa wati hizo 200 ni uniti 144, kama shilingi 3,600 kwa bei ile ya 25.

Na waya wenyewe. Mzinga wa Cat6 wa shaba na ule wa aluminiamu uliopakwa shaba hufanana kwenye sanduku, hufanana kwenye rafu, na bei hutofautiana karibu mara mbili. Chukua kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ule mwingine utaona weupe mara tu baada ya ngozi. Aluminiamu hupoteza stima njiani, huvunjika kwenye kiungo, na kamera iliyo mwisho wa mita 90 itazimika hasa usiku, wakati infraredi inapowaka na kudai stima zaidi. Mwenye mali atalaumu kamera, fundi atabadilisha kamera, na ya pili itazimika vilevile. Andika katika mkataba kwamba waya ni wa shaba tupu, na mzinga ufunguliwe mbele yako.

Kwa aina ya kamera sitakaa sana. Maduka ya Nakuru na Nairobi yamejaa Hikvision na Dahua za China, na kwa bei yake picha ni nzuri. Marekani ilizuia idhini mpya za vifaa vya kampuni hizo Novemba 2022, na mwezi huohuo serikali ya Uingereza ikaziambia wizara zake ziache kuweka kamera za aina hiyo katika majengo nyeti. Kiwanda cha mbao si wizara. Kinachokuhusu ni kwamba kifaa chochote kilichounganishwa kwenye intaneti bila kulindwa ni mlango. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na rekoda duniani kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani. Kwa hiyo badilisha nywila zote siku ya kwanza. Weka kamera kwenye mtandao wake, mbali na kompyuta ya hesabu na malipo. Usikubali fundi afungue mlango wa NVR moja kwa moja kwenye intaneti ili uone picha ukiwa nyumbani; kuna njia salama, na anayejua kazi yake atakutajia. Dai kukabidhiwa nywila kuu ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Namjua mwenye kiwanda aliyegombana na fundi wake juu ya salio, akajikuta hawezi kufungua rekoda yake mwenyewe kwa miezi miwili. Pia hakikisha kamera na NVR zinafuata kiwango cha ONVIF, ili mwaka ujao ununue kamera ya kampuni nyingine bila kutupa ulizo nazo.

Kuna gharama nyingine ambayo kotesheni zote hunyamazia, nayo ni ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu uso wa mtu kuwa taarifa yake binafsi. Usajili katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ulianza Julai 2022. Biashara yenye mapato ya chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi husamehewa kwa kawaida, lakini uendeshaji wa kamera za usalama umo katika orodha ya shughuli zinazolazimu usajili hata kama biashara ni ndogo. Ada ni shilingi 4,000 kwa wadogo, 16,000 kwa wa kati na 40,000 kwa wakubwa, na cheti hudumu miaka miwili. Faini ya kamishna inaweza kufika milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Ukipima 4,000 dhidi ya hiyo, hakuna la kujadili.

Lakini nisingependa mwenye kiwanda afanye hili kwa woga wa faini tu. Vibarua wanaobeba mbao tangu alfajiri wana haki ya kujua kwamba wanarekodiwa, kwa nini, na nani anatazama. Weka bango getini kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kamera isielekezwe chooni, mahali pa kubadilishia nguo, wala kwenye nyumba ya jirani ng'ambo ya ua. Picha zisizohitajika zifutwe. Siku 30 hadi 40 zinatosha kwa hesabu ya mwezi, na zaidi ya hapo unahifadhi maisha ya watu bila sababu. Nimeona pia kwamba kamera humtetea mfanyakazi. Mtu anayeshukiwa kuiba msumeno, picha ikionyesha kwamba alitoka mikono mitupu saa kumi na moja, amerudishiwa heshima yake mbele ya wenzake.

Kesi ikifika mahakamani Molo, picha nzuri peke yake haitoshi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotoa rekodi na jinsi ilivyotolewa, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Kwa hiyo teua mtu mmoja tangu mwanzo, afundishwe kutoa rekodi, na iandikwe nani ana ufunguo wa chumba cha NVR. Angalia saa ya rekoda kila Jumatatu. Saa iliyo nyuma kwa dakika 40 inampa wakili wa mshtakiwa swali la kwanza, na swali hilo ni la haki.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa kiwanda kinachofanya kazi kila siku, mfumo wa mtandao wenye waya ndio wa kununua, hata ikibidi ununuliwe nusunusu. Kama huna 444,000, usikimbilie kamera 16 za bei nafuu. Nunua NVR ya nafasi 16, diski moja ya terabaiti 8, swichi moja, mzinga mmoja wa shaba, betri na vikinga radi, kamera ya nambari za magari na kamera nne za kawaida: geti, mizani, mlango wa stoo na dirisha la mhasibu. Pamoja na kazi inakuja 229,000, na diski hiyo moja ina nafasi ya siku 49, ingawa utaiweka ifute baada ya 40. Ongeza taa mbili. Faiba inaweza kusubiri kama geti liko ndani ya mita 100 kutoka ofisini, na nafasi 11 zilizobaki kwenye NVR zitajazwa mbao zikiuzwa. Chukua fundi anayeweza kufika Elburgon siku hiyohiyo akipigiwa, hata kama wa Nairobi ni nafuu kwa elfu kumi, kwa sababu kutoka Nakuru ni kama kilomita 40 tu. Dai risiti ya eTIMS, kwani tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti hiyo haikubaliki kwenye hesabu za kodi.

Na usilipe salio mchana. Subiri usiku wa ukungu, nenda getini saa tano, mwambie soja atoke nje avute kofia kidogo, abebe ubao wa 6 kwa 2 begani na apite mbele ya kamera kwa mwendo wa kawaida. Kisha lori liingie na taa zake kamili zikiwaka. Rudi ofisini, fungua rekodi, simamisha picha. Usipouona uso wa soja na usiposoma nambari ya lori, kazi haijaisha, na salio libaki mfukoni mwako.